Kliniki ya Uyole, Fangasi Sugu wa Ngozi ya Mbwa na Dawa za Zamani Zilizopewa Kazi Mpya

Kliniki ninayoiandikia tathmini hii iko upande wa Uyole, jijini Mbeya, katika nyumba ya kawaida yenye vyumba vitatu, na wateja wake wakuu ni wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, nguruwe na kuku wa mayai. Mbwa hupokelewa hapo kwa nafasi, wakisubiri zamu yao kibarazani pamoja na matenga ya kuku na mbuzi waliofungwa kamba, na kwa hiyo mtu hawezi kutarajia kwamba tatizo moja gumu la mbwa, yaani fangasi wa ngozi wanaorudi kila wanapotibiwa, lingeshughulikiwa hapo kwa umakini ambao sijauona kwingine katika Nyanda za Juu Kusini. Jina la kliniki siliandiki. Daktari ni mmoja, foleni yake siku za gulio tayari inafika barabarani, na mwenyeji yeyote wa Uyole akiulizwa daktari wa mifugo mwenye hadubini ataelekeza bila kusita.

Mgonjwa wetu alikuwa Bobi, mbwa dume mwenye damu ya German Shepherd upande mmoja na damu ya mitaani upande mwingine. Tulimpokea kutoka kwa jirani aliyehamishiwa Dodoma kikazi, naye alikuja na bahasha ya kaki iliyojaa maganda ya dawa, vichupa na stakabadhi. Ngozi ya kwapani na ya nyonga ilikuwa imekuwa nene, nyeusi na yenye mikunjo. Manyoya ya tumbo yalinata mkononi. Masikio yalitoa nta ya kahawia. Na harufu yake, ile ya mafuta yaliyochacha, ilimtangulia getini kabla yeye mwenyewe hajafika. Usiku alijilamba vidole mpaka manyoya ya katikati yakabadilika rangi na kuwa mekundu. Jirani alituachia na maneno ya kutukatisha tamaa: kwamba fangasi wa huyu mbwa ni sugu, amepewa kila dawa na hakuna iliyomsaidia.

Daktari, mwanamke wa makamo anayevaa koti la kijani na gambuti, alitusalimu, akasikiliza historia hiyo yote bila kuikatiza, kisha akaiomba bahasha. Aliimwaga juu ya meza ya chuma na kuanza kuvipanga vilivyomo mafungu mafungu, polepole, akisoma kila lebo kwa sauti. Fungu la kwanza lilikuwa vidonge vya griseofulvini, dawa ya kweli ya fangasi, ila ni ya wale wanaosababisha choa na mapunye. Haina kazi dhidi ya fangasi wa jamii ya chachu. Fungu la pili lilikuwa oksitetrasaiklini ya sindano, ambayo huua bakteria. La tatu lilikuwa deksamethasoni, ambayo hutuliza muwasho upesi kiasi cha kumfanya mwenye mbwa ashukuru, huku ikipunguza kinga ya ngozi na kuwaachia fangasi uwanja. La nne, ivermektini, ya utitiri na minyoo. Mwisho kabisa palibaki ganda moja la ketokonazoli, dawa inayofanya kazi dhidi ya fangasi wa jamii ya chachu, ambalo vidonge vichache tu vilikuwa vimetolewa, bila shaka kwa sababu mbwa alianza kupata nafuu na dozi ikakatishwa.

"Mzee, huyu fangasi hajawa sugu," alisema, akilisogeza lile ganda peke yake pembeni mwa meza. "Bado hajapigwa."

Kwa maoni yangu sentensi hiyo peke yake ilitosha kulipia ada ya kumwona daktari. Sehemu kubwa ya kinachoitwa usugu mitaani ni dawa isiyohusika, au inayohusika lakini kwa dozi ya kubahatisha, au iliyotolewa vizuri kwa mbwa ambaye chanzo cha ugonjwa wake hakikuguswa. Usugu wenyewe upo, na nitaufikia, lakini daktari huyu ana nidhamu ya kuupa nafasi ya mwisho katika orodha ya washukiwa.

Kipimo hakikuchukua hata nusu saa. Alikata kipande cha selotepu angavu, akakibandika na kukibandua mara kadhaa kwenye ngozi ya kwapa na katikati ya vidole vya mguu wa mbele, akakichovya kwenye rangi, akakilaza juu ya kioo na kukitazama kwa lenzi ya mafuta inayokuza mara 1,000. Kisha alinyanyuka na kuniachia kiti. Katikati ya magamba ya seli za ngozi yaliyokuwa na rangi hafifu ya samawati yalitapakaa maumbo madogo ya zambarau iliyokolea, yenye viuno vyembamba, kama karanga za punje mbili ambazo hazijamenywa. Hiyo ni Malassezia pachydermatis ikichipua, na mtu akishaiona mara moja haisahau. Daktari alieleza jambo ambalo maduka mengi hayalielezi: kwamba fangasi huyu huishi kwenye ngozi na masikio ya mbwa wazima pia, na hakuna idadi maalumu inayotenganisha mzima na mgonjwa, hivyo kinachoonekana kwenye kioo lazima kisomwe pamoja na hali ya ngozi na jinsi mbwa anavyoitikia tiba. Kipimo kilinigharimu shilingi 15,000. Ukilinganisha na jumla ya stakabadhi zilizokuwa ndani ya bahasha ya jirani, ni fedha ndogo sana.

Kimelea hiki kilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1925, na mwenyeji wake hakuwa mbwa bali faru aliyekuwa akibambuka ngozi. Ndugu zake wa jenasi hiyohiyo ndio wanaohusika na mba ya kichwani na utango kwa binadamu, na undugu huo unaeleza kwa nini karibu kila dawa inayomfaa mbwa katika ugonjwa huu ilianza maisha yake kwa binadamu. Wote hawana uwezo wa kujitengenezea asidi za mafuta, hivyo hutegemea mafuta ya ngozi ya mwenyeji wao. Ngozi inapoongeza mafuta au inapopoteza kinga yake kwa sababu ya mzio, viroboto, hitilafu ya tezi au unyevu wa muda mrefu, fangasi waliokuwa wapangaji watulivu huongezeka na kuanza kuleta madhara.

Tiba ya kwanza haikuwa kidonge. Mwongozo wa kimataifa wa wataalamu wa ngozi za wanyama uliotolewa mwaka 2020 unaipa nguvu kubwa zaidi ya ushahidi shampuu yenye mikonazoli, dawa ya fangasi, asilimia 2 na klorheksidini, kiua vijidudu, asilimia 2, mbwa akiogeshwa mara mbili kwa wiki, na daktari wetu alianzia hapohapo. Inafaa kusema kidogo kuhusu klorheksidini, kwa sababu watu wengi huidharau kwa kuiona kwenye rafu za dawa za kusafishia vidonda. Ilitoka katika maabara za kampuni ya ICI ya Uingereza, ni ya ukoo mmoja wa kikemikali na progwanili, dawa ya malaria, na iliingia sokoni mwaka 1954 kama kiua vijidudu cha ngozi. Hufanya kazi kwa kuvuruga utando wa seli ya kimelea, njia isiyofanana kabisa na ile ya mikonazoli. Kimelea kinachokutana na zote mbili kwa wakati mmoja kina kazi ngumu ya kujitetea.

Kuna hesabu nyingine ambayo daktari aliiandika kwa kalamu nyuma ya stakabadhi, na kwangu ilikuwa somo kubwa kuliko yote niliyoyapata hapo. Mikonazoli ya asilimia 2 maana yake ni miligramu 20 katika kila mililita, wakati kiasi cha dawa kinachozuia fangasi katika vipimo vya maabara huhesabiwa kwa mikrogramu, yaani sehemu ya elfu moja ya miligramu. Hata fangasi aliyejenga uvumilivu mara nyingi zaidi ya kawaida, anapozamishwa ndani ya povu la namna hiyo kwa dakika za kutosha, bado yuko mbali sana na usalama. Kidonge hakiwezi kufikisha mkusanyiko kama huo kwenye ngozi kupitia damu. Kwa hiyo mbwa anayedhaniwa kuwa na fangasi sugu ndiye hasa anayepaswa kuogeshwa vizuri kabla ya kubadilishiwa vidonge.

Neno "vizuri" ndilo lenye jasho. Povu linatakiwa kukaa kwenye ngozi dakika 10 kamili kabla ya kusuuzwa, manyoya ya kwapani na nyonga yawe yamepunguzwa, dawa isiingie machoni, na mbwa akaushwe hadi kwenye mikunjo. Mtu wa Tanga au wa Kyela anaweza kuyasoma haya bila wasiwasi, lakini Mbeya iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai usiku hushuka chini ya nyuzi 10. Kumwogesha mbwa mkubwa mara mbili kwa wiki katika baridi hiyo ni kazi ya kupanga. Daktari alituelekeza kumwogesha saa sita mchana kwa maji ya uvuguvugu, kumfuta kwa mataulo mawili, na kumwacha juani ukutani mwa jiko mpaka akauke ndipo aachiwe kwenda bandani. Mtu wa zamu nyumbani alilalamika kwamba mbwa sasa anakula maji ya moto kuliko watoto. Malalamiko yake yalikuwa ya haki, na nadhani kliniki ingeweza kufungua huduma ya kuogesha kwa malipo, maana watu wengi wangelipa kwa moyo mweupe.

Masikio alishughulikia mwenyewe. Alitazama kwa kifaa chenye taa kuhakikisha kiwambo cha sikio hakijatoboka kabla ya kuweka tone lolote, kwa sababu klorheksidini na baadhi ya dawa nyingine zikipenya ndani zinaweza kumwachia mbwa uziwi. Nimewahi kuona watu wakimimina mafuta ya taa.

Vidonge vilifuata kwa sababu ugonjwa ulikuwa umesambaa. Ketokonazoli ileile iliyokuwa kwenye bahasha ilirudi, safari hii ikipimwa kwa uzito wa mbwa aliyepandishwa kwenye mizani ya magunia, na ikitolewa pamoja na chakula kwa sababu hufyonzwa vizuri zaidi hivyo na hupunguza kutapika. Kisha daktari akauliza swali ambalo sikulitegemea: ni lini mbwa alichomwa ivermektini kwa mara ya mwisho? Ketokonazoli huzuia pampu ya kibayolojia inayolinda ubongo dhidi ya dawa kama ivermektini, na dawa hizo mbili zikikutana mwilini, hasa kwa dozi kubwa zinazotumika kutibu utitiri, mbwa anaweza kupepesuka, kupofuka kwa muda, hata kuzimia na kufa. Mbwa wa aina ya Collie wengi wana hitilafu ya kurithi katika pampu hiyohiyo na huhatarika hata bila ketokonazoli. Katika mkoa ambao sindano ya ivermektini hutolewa kwa mbwa kwa urahisi kama salamu, swali hili lingepaswa kuulizwa kila mahali. Nilipouliza katika duka jingine la dawa za mifugo, ambalo silitaji, muuzaji alikuwa tayari kuniuzia zote mbili ndani ya mfuko mmoja.

Ketokonazoli yenyewe ni dawa yenye historia ya kuhamahama. Kwa binadamu vidonge vyake viliwekewa vikwazo vikali Ulaya na Marekani mwaka 2013 kwa sababu ya madhara kwenye ini. Hata hivyo uwezo wake wa kuzuia utengenezaji wa homoni, ambao ulionekana kuwa kasoro, ndio uliofanya itumike kwa ugonjwa wa tezi za adrenali kuzalisha kotisoli kupita kiasi. Na uwezo wake wa kuchelewesha ini kuvunja dawa nyingine umetumiwa na madaktari wa mifugo kupunguza dozi ya siklosporini kwa mbwa wenye mzio, kwa kuwa siklosporini ni ghali. Dawa moja ya fangasi, basi, imeshapewa kazi tatu. Mbwa anayeitumia kwa majuma kadhaa hupaswa kuchunguzwa ini, na hapa kliniki ilitimiza wajibu wake kwa kuchukua damu, ingawa majibu yalichelewa.

Baada ya majuma ya mwanzo harufu iliisha, tumbo likaanza kuota manyoya, lakini vidole na kidevu viligoma. Selotepu ya pili ilionesha fangasi bado wapo, wachache lakini wapo. Hapo ndipo mazungumzo ya usugu yalipoanza kwa haki.

Dawa za kundi la azoli, kama ketokonazoli na mikonazoli, huzuia kimeng'enya kinachomsaidia fangasi kutengeneza egosteroli, nguzo ya utando wa seli yake. Fangasi anaweza kujiokoa kwa kubadili umbo la kimeng'enya hicho ili dawa isishike, kwa kukizalisha kwa wingi kuliko dawa iliyopo, kwa kujifunika ndani ya utandotelezi ambamo dawa hupenya kwa shida, au kwa kutumia pampu zinazoitema dawa nje ya seli kabla haijafanya kazi. Mwaka 2018 watafiti wa Korea Kusini walieleza fangasi wa aina hii aliyezoea ketokonazoli ambaye kipande cha jenomu yake chenye jeni ya ERG11, inayobeba maelekezo ya kimeng'enya hicho, kilikuwa kimejirudia mara nne. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa Italia walikuwa wameonesha maabara kwamba dawa mbili za zamani zisizohusiana na fangasi, yaani haloperidoli ya wagonjwa wa akili na prometazini ya mzio, zinaweza kuzizuia zile pampu na kuifanya azoli irudi kufanya kazi kwa kiasi kidogo.

Mtu akisoma habari kama hiyo usiku kwenye simu, asubuhi atataka kununua prometazini. Ipo kila duka la dawa na bei yake ni ya chai. Nilimuuliza daktari kwa nini asiijaribu, na jibu lake lilikuwa la kitaalamu na la subira. Kilichoonekana ndani ya kisahani cha maabara kinahitaji mkusanyiko fulani wa dawa. Kuufikisha mkusanyiko huo kwenye ngozi ya mbwa kwa kumlisha vidonge kunaweza kumlaza mbwa usingizi au kumtetemesha viungo kabla fangasi hajahisi chochote. Faida kubwa ya kuipa dawa ya zamani kazi mpya ni kwamba madhara yake yameshajulikana na gharama yake ni nafuu, lakini yamejulikana kwa binadamu kwanza, na mwili wa mbwa una sheria zake. Ibuprofeni ambayo sisi tunameza kwa maumivu ya mgongo inaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Alisema anazifuatilia tafiti hizo kwa hamu, hasa uwezekano wa kuzichanganya dawa hizo kwenye losheni ya kupaka badala ya kidonge, lakini mpaka ziwe zimejaribiwa kwa mbwa wenyewe hatazitoa kwa mgonjwa wake.

Nimekutana na madaktari wanaosema "hapana" kwa sababu hawajasikia habari hiyo. Huyu alikuwa ameisikia, akaipima, ndipo akakataa, na tofauti hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika.

Alichokifanya badala yake kilikuwa cha kawaida zaidi. Kwanza alimpima mbwa tena, akakuta ameongezeka uzito na dozi imekuwa pungufu. Pili, alihamia itrakonazoli, dawa ya binadamu inayopatikana kwenye famasi za mjini, kwa utaratibu uliomo kwenye ule mwongozo wa 2020: miligramu 5 kwa kila kilo, siku mbili mfululizo kila wiki, badala ya kila siku. Dawa hii hubaki kwenye ngozi kwa siku kadhaa baada ya kumezwa, hivyo mbwa hapotezi kinga siku za mapumziko, ini hupata nafuu na mfuko wa mwenye mbwa pia. Itrakonazoli ni ndugu wa ketokonazoli, lakini si kila fangasi anayeivumilia moja huivumilia nyingine. Alitaja terbinafini kama hatua ya akiba, kwa kuwa inakata njia ileile ya egosteroli katika hatua tofauti, akakiri kwamba ushahidi wake kwa mbwa wenye tatizo hili ni dhaifu.

Tatu, na pengine ndilo lililoleta tofauti, aliuliza Bobi analala wapi. Analala katika banda la mbao lenye sakafu ya udongo, juu ya magunia ambayo tangu Novemba hadi Aprili, msimu wa mvua za huku, hayakauki. Kwenye magunia hayo kulikuwa na viroboto wa kutosha. Tuliinua sakafu kwa mbao, tukachoma magunia, tukaanza kumpa dawa ya viroboto kila mwezi pamoja na paka wa nyumbani, ambaye hakuna aliyekuwa amemfikiria. Daktari anaamini mbwa huyu ana mzio wa viroboto ulioifungulia fangasi mlango, na kwamba bila kuufunga mlango huo hata dawa iliyotengenezwa mwaka ujao itashindwa. Uchunguzi wa mzio wa chakula, ambao unahitaji mbwa ale aina moja ya protini asiyoizoea kwa takriban wiki nane bila kuonja kingine, tuliuahirisha. Katika nyumba yenye watoto wanaomrushia mbwa kila kipande cha ugali, sijui nani angeusimamia.

Sasa kasoro, maana zipo. Simu ya kliniki hupokelewa kwa bahati. Karatasi ya maelekezo ya dawa iliandikwa kwa vifupisho vya kitabibu ambavyo mlinzi wa nyumbani, ambaye ndiye anayempa mbwa dawa, asingeweza kuvisoma. Ilibidi niombe iandikwe upya kwa Kiswahili, siku gani, saa ngapi, kwa chakula au bila chakula, na daktari aliandika bila kinyongo, lakini isingepaswa kuombwa. Kliniki haina uwezo wa kuotesha fangasi na kuwapima dhidi ya dawa. Sampuli ikihitaji kazi hiyo lazima isafirishwe. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ana kituo Iringa, na Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro, lakini kwa mmiliki wa mbwa mmoja gharama na muda si mchezo. Kwa uadilifu daktari mwenyewe alinieleza kwamba hata majibu yangepatikana, hakuna viwango vilivyokubaliwa kimataifa vya kusema kwa uhakika ni kipimo kipi kwa fangasi huyu kinamaanisha "sugu" na kipi hakimaanishi, hivyo nisione nimekosa kitu kikubwa.

Kasoro inayoumiza zaidi ni upatikanaji wa shampuu. Iliisha katikati ya tiba, na ikaagizwa Dar es Salaam kwa basi. Katika pengo hilo daktari alitupatia mbadala: shampuu ya mba ya binadamu yenye ketokonazoli asilimia 2, kisha suuzo la klorheksidini iliyochanganywa na maji kwa kipimo alichokiandika kwenye chupa kwa kalamu nzito. Ilifanya kazi, japo povu la shampuu hiyo lilikausha ngozi zaidi. Alikataa shampuu ya seleniamu salfaidi kwa sababu mbwa huyu tayari alikuwa na michubuko nayo huwasha. Akakataa pia mafuta ya mti wa chai ambayo mdogo wangu aliyaleta kutoka Iringa kwa nia njema; mbwa wanaopakwa mafuta hayo yakiwa mazito wameshadhurika, wengine kwa kuishiwa nguvu za miguu.

Kuhusu watu wa nyumbani, alitutahadharisha kwa kiasi. Fangasi huyu si wa kuambukiza kama choa, lakini mwaka 1998 jarida moja kubwa la tiba la Marekani lilichapisha habari za watoto wachanga waliolazwa kwenye wodi ya uangalizi maalumu walioambukizwa Malassezia pachydermatis, na uchunguzi ukaielekeza njia ya maambukizi kwenye mikono ya wahudumu wenye mbwa majumbani. Kwa hiyo kuosha mikono kwa sabuni baada ya kumpaka mbwa dawa ni lazima, na mwenye mtoto njiti au mgonjwa mwenye kinga dhaifu nyumbani amweleze daktari.

Kwa sasa Bobi anaogeshwa mara moja kwa wiki, vidonge vimesimamishwa, na vidole vyake vimeota manyoya ya rangi yake. Kwapani bado pana weusi ambao daktari anasema utapungua taratibu na huenda usiishe wote. Anayetaka kwenda ampeleke mbwa akiwa hajaogeshwa kwa siku kadhaa, asimpe sindano yoyote ya muwasho kabla, na achukue maganda yote ya dawa alizowahi kutumia. Aende asubuhi siku isiyo ya gulio, na aulize kwanza kama shampuu ipo.